Usiache mbachao: kompyuta yetu kuukuu iliponea kwa pesa ya mchezo



Mwezi uliopita fundi mmoja wa hapa mjini alinambia kompyuta yetu ya nyumbani imekufa. Hakuifungua. Aliiwasha, akangoja kama dakika mbili, akatikisa kichwa. “Mama, hii umri wake umekwisha. Niachie kasha nikupe 1,500, uongeze pesa uchukue nyingine.”

Nilikuwa karibu kukubali. Nilikuwa nimechoka nayo. Asubuhi ukiiwasha, unaweza kwenda jikoni, ukabandika chai, ukaiepua, ukarudi bado inazunguka. Binti yangu yuko chuo, mwaka wa pili, na kazi zake alikuwa amehamia kuzifanya saiba. Mara mbili alirudi nyumbani baada ya isha akitembea peke yake, nami niko barazani roho juu. Mdogo wake naye ana miradi ya shule isiyokwisha, kila wiki kuna kitu cha kuchapa.

Kilichonizuia kuliacha lile kasha pale dukani ni jambo moja. Ndani yake mna video ya akdi yangu ya nikahi, na ndani ya video hiyo ndipo marehemu babangu anasikika akituombea dua. CD yake ilishachubuka zamani. Kaseti haipo. Nakala iliyobaki duniani ni moja tu, na nilikuwa nataka kuiuza pamoja na kasha kwa shilingi 1,500. Nikalibeba, nikapanda matatu, nikarudi nalo nyumbani.

Leo nataka kukueleza nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu najua nyumba nyingi hapa Pwani zina kompyuta ya mezani kama yangu: imenunuliwa mtumba, imefunikwa kitambaa, na kila mtu anasubiri pesa ya kununua mpya. Diploma yangu ni ya usimamizi wa biashara, si ya kompyuta. Kwa hivyo nikisema jambo hili unaweza kulifanya, amini kwamba si maneno ya mhandisi.

Pesa iliyokuwepo

Zamu yangu ya mchezo wa kina mama ilikuwa imefika: shilingi 20,000. Kati ya hizo, 12,000 zilikuwa tayari zina mwenyewe, nazo ni karo. Zikabaki 8,000.

Baba watoto alileta wazo lake. Kuna duka linatoa kompyuta mpya kwa kulipa kidogokidogo. Nikamwambia alete karatasi tuisome pamoja. Bei ya taslimu ilikuwa 38,000. Ukitaka kulipa polepole, unatoa 8,000 mwanzo, halafu 3,500 kila mwezi kwa miezi 12. Piga hesabu: 42,000 na 8,000 ni 50,000. Yaani 12,000 juu ya bei, karo nzima ya muhula. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na faini inayoongezeka kila wiki ukichelewa kulipa. Masheikh wametufundisha kwamba bei ya kulipa kidogokidogo iliyokubaliwa tangu mwanzo ni jambo moja, na deni linalozidi kwa sababu umechelewa ni jambo jingine. Hilo la pili hatukulitaka nyumbani kwetu. Baba watoto mwenyewe ndiye aliyeikunja karatasi.

Basi swali likawa: shilingi 8,000 zinaweza kufanya nini?

Kwanza jua kinachokwama

Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 3020, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 2013 kwa ajili ya maofisi. Maelfu ya mashine za namna hii huletwa kwetu zikishamaliza kazi huko Ulaya. Yetu ina prosesa ya Core i3, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Tuliinunua mtumba mwaka 2018.

Kosa kubwa la watu ni kununua kifaa kabla ya kujua ugonjwa. Kompyuta yenyewe inaweza kukwambia inapoumia. Ukiwa kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye safu kadhaa, na tatu ndizo za kutazama: CPU, yaani prosesa, Memory, yaani RAM, na Disk. Fungua vitu unavyovitumia kila siku, kisha tazama ni safu ipi inayofika juu na kukaa huko.

Kwangu mimi, prosesa ilikuwa inapumua tu, asilimia 15 au 20. RAM ilikuwa 88. Diski ilikuwa 100, na ikakaa hapohapo zaidi ya dakika kumi hali mimi sijagusa kitu. Hapo nikafahamu kwamba yule fundi hakukosea kusema mashine inakwama, alikosea kusema imekufa. Kilichokuwa kikikwama ni kiungo kimoja kikubwa na kingine kidogo. Mwili wote ulikuwa mzima.

Okoa amana kabla ya kugusa kitu

Hapa nakuomba unisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote.

Kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inayosoma afya ya diski. Ikionyesha “Good”, diski ni nzima. Ikionyesha “Caution”, imeanza kuharibika. “Bad” maana yake unajua mwenyewe. Yangu ilitoa rangi ya manjano: “Caution”. Na nikitega sikio nilisikia sauti ya kugongagonga, ambayo nilikuwa nikidhani ni feni.

Diski iliyofika hapo inaweza kuishi mwaka mzima, na inaweza kufa usiku huo huo. Usiishughulishe kwa ukaguzi mrefu, wala usianze kupangapanga mafaili. Nakili kwanza kile ambacho hakinunuliki. Mimi nilianza na video ya akdi, kisha picha za familia, kisha nakala za vyeti na hati ya shamba la Kilifi, mwisho kazi za watoto. Filamu na kasida ambazo naweza kuzipata tena kwingine niliziacha.

Nilinunua flashi ya GB 64, nikaweka kila kitu humo. Kisha nikaweka nakala ya pili kwenye laptopu ya dada yangu, Likoni. Kitu kilicho mahali pamoja tu hesabu kwamba huna. Flashi hupotea, laptopu huibiwa, lakini mara chache vyote viwili hutokea siku moja.

Ile video ilichukua muda mrefu kunakilika, ikisimama na kuendelea. Ilipokwisha niliifungua nikasikiliza dua yote mpaka aamin. Wanangu, ambao hawakumdiriki babu yao, walisimama nyuma yangu kimya.

Na jambo jingine juu ya amana: ukiuza au ukigawa kompyuta, kubonyeza kufuta hakutoshi. Mafaili yaliyofutwa kwa kawaida huweza kurudishwa na mtu anayejua. Picha za mabinti zako na nakala ya kitambulisho chako zinakwenda nayo. Kama huna hakika, toa diski ubaki nayo. Kasha tupu pia linauzika.

Vumbi, chumvi na betri ya shilingi mia

Sisi wa Pwani tunaishi na hewa ya bahari. Unyevunyevu wenye chumvi hushika vumbi, vumbi likawa kama tope kwenye feni, na mashine ikipata joto hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo kabla ya kununua, safisha.

Chomoa waya wa stima ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kasha kwanza, usije ukapitisha chaji ya mwili wako kwenye vifaa. Fungua ubavu. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na ushikilie feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Kile kisanduku ambamo waya wa stima huingilia usikifungue kamwe. Ndani yake umeme hubaki hata kama umechomoa. Kipulize kwa nje tu.

Nilitoa vumbi lililojaa kiganja. Nilibadilisha pia ule ute unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha feni. Wangu ulikuwa umekauka kama chokaa. Unafuta wa zamani kwa kitambaa, unaweka mpya kiasi cha punje ya mbaazi.

Kisha kuna betri ndogo ya duara, CR2032, kama ya saa. Hiyo ndiyo huishikia kompyuta tarehe wakati stima haipo. Ikifa, kila ukiwasha mashine inarudi miaka nyuma, na hapo tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinakaguliwa kwa tarehe. Miezi mingi nilikuwa nikilaumu intaneti kwa eCitizen na tovuti ya KRA kukataa kufunguka. Kumbe ni betri ya shilingi mia.

Diski: hapa ndipo pesa iende

Sasa tufike kwenye ugonjwa wenyewe. Diski ya zamani ni sahani za chuma zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono unaotembea huku na huko kutafuta data. Kila ukiomba kitu, mkono lazima usafiri na sahani ifike mahali pake. Safari moja huchukua karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Yaonekana ni haraka, lakini kuwasha Windows kunahitaji maelfu na maelfu ya safari kama hizo.

Fikiria duka la nguo lenye stoo ghorofani na kijana mmoja wa kupanda ngazi. Mteja mmoja akitaka kanzu, hakuna shida. Wakija wateja mia siku ya mkesha wa Idi, kila mmoja na saizi yake, yule kijana atapanda na kushuka mpaka miguu ikatike, hata kama mwenye duka ni hodari wa kuuza kiasi gani. Prosesa ni mwenye duka. Kijana ni diski.

SSD haina sahani wala mkono. Data imo kwenye chipu, na kufika popote ni kama mara moja. Diski ya kuzunguka hutimiza maombi kama mia kwa sekunde. SSD ya kawaida kabisa hutimiza maelfu mengi. Ndiyo maana kifaa hiki kimoja hubadilisha mashine kuukuu kuliko kingine chochote.

Kwa kompyuta za umri huu unachotafuta ni SSD ya inchi 2.5 inayotumia SATA, yaani viungio vilevile vya diski yako ya zamani. GB 240 zinatosha familia. Mimi nililipa 2,800, na 200 kwa kebo ya data. Usihangaike kutafuta kishikizo chake ndani ya kasha. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, unaweza hata kuibandika kwa gundi ya utepe, ikakaa salama. Ila ukiona SSD ya TB 2 inauzwa kwa bei ya GB 240, usisimame hapo. Huo ni udanganyifu: huandika ukubwa wa uongo, na ukijaza, mafaili yanapotea.

RAM: meza ya jikoni

Kama diski ni stoo, RAM ni meza ya kupikia. Ukiwa na meza ndogo, ukitaka kukuna nazi lazima uondoe vitunguu, ukitaka vitunguu uondoe nazi. Kompyuta yenye GB 4 ikifungua kurasa kumi za intaneti na waraka wa chuo, meza imejaa. Inaanza kurudisha vitu stoo na kuvileta tena, na stoo ikiwa ni ile diski ya kuzunguka, basi tena.

Kabla ya kununua, hakikisha mambo matatu. Kwanza, aina. Yangu hutumia DDR3. DDR4 haiingii, kwa sababu pengo la kwenye ukingo wake liko mahali pengine, na ukilazimisha utavunja. Pili, RAM ya laptopu ni fupi, ya kompyuta ya mezani ni ndefu. Waambie wazi dukani. Tatu, nafasi. Kwenye lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc, sehemu ya Memory hukuonyesha nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. OptiPlex 3020 ina nafasi mbili na hupokea mpaka GB 16. Moja yangu ilikuwa tupu, nikaongeza kipande cha GB 8 kwa shilingi 1,700, jumla ikawa GB 12.

Tahadhari: kama Windows yako ni ya biti 32, haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16. Ile ya biti 64 ndiyo hufaidi nyongeza.

Nilichokataa kununua

Dukani walinishauri nibadilishe prosesa, kutoka i3 kwenda i5 ya kizazi hichohicho. Inaingia, ni kweli. Lakini nilikuwa nimeshaona prosesa yangu iko asilimia 20. Kununua mwenye duka hodari zaidi hali kijana wa stoo ndiye mgonjwa, si akili.

Mwanangu wa kiume alitaka kadi ya picha kwa ajili ya michezo. Kadi za namna hiyo nyingi zinahitaji umeme kuliko uwezo wa kisanduku cha umeme cha mashine hizi. Na kisanduku chenyewe hakibadilishwi hivihivi: OptiPlex za kundi hili zina kiungio cha pini 8 cha Dell wenyewe, cha kawaida cha pini 24 hakichomeki bila adapta. Nilimwambia mwanangu hapana, na sababu nikamweleza. Alinuna mpaka magharibi, akasahau.

Pesa hiyo niliitia kwenye kizuizi cha mawimbi ya umeme, shilingi 1,200. Stima yetu mnaijua: hupotea, kisha hurudi kwa kishindo. Kizuizi hakikuokolei kazi ambayo hujaihifadhi, hilo ni la UPS na bei yake ni nyingine, lakini hupunguza hatari ya kile kishindo kuchoma bodi.

Windows 10 na swali la usalama

Kuna jambo ambalo vifaa vipya haviponyi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Kompyuta haizimiki, inaendelea kufanya kazi, lakini mianya mipya ya usalama haizibwi tena. Kwa nyumba inayoingia benki, KRA na eCitizen, hilo si jambo dogo. Windows 11 nayo kwa utaratibu rasmi haiingii kwenye mashine kama yangu: kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Yangu ni kizazi cha nne.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kujiandikisha kwa mpango wa Microsoft wa kupokea masahihisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hiyo ni kununua muda tu. Ya pili, kumwachia mtu aingize Windows 11 kwa ujanja, au Windows ya wizi iliyovunjwa kufuli. Mbali na haki ya mwenyewe, programu za kuvunjia kufuli mara nyingi huja na virusi. Utakuwa umemfungulia mwizi mlango wa nyuma huku umetia komeo wa mbele.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: Linux Mint. Ni mfumo wa bure kwa halali, na unafanya kazi kwenye mashine ndogo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuuweka kwenye flashi, ukaujaribu bila kugusa diski. Mpwa wangu alitupakulia, kama GB 3 za data, tukautumia wiki nzima kwa majaribio. Una LibreOffice ndani yake, ambayo hufungua na kuhifadhi nyaraka za Word. Sitaki kukudanganya: mara nyingine mpangilio wa kurasa husogea kidogo, na binti yangu alilalamika siku mbili tatu. Suluhisho lake ni kutuma kazi kwa PDF, ambayo haisogei. Kama kazi yako inahitaji programu maalumu ya Windows, ya uhasibu kwa mfano, basi njia hii pengine si yako. Jaribu kwa flashi kwanza, ndipo uamue.

Lini uachane nayo

Sisemi kila kompyuta inafaa kuponywa. Ukiona kwenye bodi vile vipipa vidogo vimevimba au vimevuja, simama. Kama inatumia DDR2, vifaa vyake ni vya kuwinda, simama. Na mimi nina kanuni yangu ya jikoni: gharama ya matibabu ikizidi nusu ya bei ya mtumba bora zaidi, weka pesa hiyo akiba ya mtumba huo.

Ukifika siku ya kununua, usidanganywe na “ni i7 hii, mama”. Tazama namba inayofuata. i7-2600 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011. i3-8100 ni kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na ndiyo inayopokea Windows 11. Jina kubwa kwenye kibandiko halikwambii umri. Iwashe hapohapo dukani, fungua lile dirisha, tazama kwa macho yako kabla ya kutoa pesa.

Hesabu ya mwisho

SSD 2,800. RAM 1,700. Kebo 200. Betri 100. Ute wa prosesa 250. Flashi 900. Kizuizi cha umeme 1,200. Jumla ni shilingi 7,150. Zikabaki 850, tukala biriani Ijumaa. Hizi ni bei nilizozipata mimi baada ya kuuliza maduka manne, na bei za RAM na SSD hupanda na kushuka, kwa hivyo nawe uliza zaidi ya duka moja. Kazi yenyewe tuliifanya wenyewe mezani, mimi na binti yangu, bisibisi moja, kutoka baada ya asri hadi karibu na magharibi. Yeye ndiye aliyechomeka SSD. Mimi nilishika tochi.

Mashine iliyokuwa ikichukua zaidi ya dakika nne kuwaka, sasa huchukua kama sekunde 25. Si mpya. Haitacheza michezo mizito wala kuhariri filamu. Lakini waraka, intaneti, masomo na kuchapa, inafanya bila kunung'unika. Karo imelipwa kwa wakati, hatuna deni, na binti yangu hajatembea usiku kutoka saiba tangu siku ile. Diski ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa, iko ndani ya kabati.

Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako, na kabla hujautupa ukunjue utazame kama ni wote umeoza au ni ukingo mmoja tu umefumka. Hata ukiamua baada ya kusoma haya kwamba yako haifai, usimpe mtu kasha lako leo. Nunua flashi kwanza, kaa chini, utoe kilicho chako humo ndani. Kompyuta nyingine utaipata, inshaallah. Sauti ya mzee wako ikipotea hutaipata.